Programu ya bure ya kuhariri picha kwa anayeanza

Swali: Nauza vitenge mtandaoni, lakini picha ninazopiga kwa simu zina giza. Ni programu gani ya bure iliyo rahisi?

Jibu: Kwa mwenye simu, Snapseed ndiyo ya kuanza nayo. Ilitolewa na Nik Software mwaka 2011, na Google ikainunua kampuni hiyo mwaka 2012. Ni bure, na haibandiki nembo yake juu ya picha.

Muuza vitenge aanze kwa kung'arisha sehemu zenye kivuli, kisha asawazishe weupe, kwa sababu taa ya njano ya dukani hupotosha rangi ya kitambaa. Asikoleze rangi kupita kiasi. Mteja akiletewa kitenge kisichofanana na picha, ana haki ya kukirudisha.

Mwenye kompyuta ajaribu Photopea, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinishwa; ina matangazo pembeni, lakini hufungua hata faili za Photoshop. GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ina uwezo mkubwa, ila wingi wa zana zake humchosha mgeni. Hiyo isubiri.

Na kabla ya kuhariri, msomaji ahifadhi kwanza nakala ya picha halisi.