Dondoo muhimu: Alizeti ndefu ni za vuli

Anayetaka alizeti ndefu zenye vichwa vizito huko Kitui na Makueni aweke nguvu zake kwenye vuli, Oktoba hadi Desemba. Masika yana jina kubwa, lakini Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ya vuli, na alizeti huhitaji maji hasa inapotoa kichwa na kuchanua. Tayarisha shamba mapema, upande mara mvua inapolowesha udongo vizuri: kina cha sentimita 3 hadi 5, mistari sentimita 75, mashina sentimita 30. Utaambiwa alizeti haiogopi ukame. Ni kweli kwa mmea uliokwisha kushusha mzizi wake mrefu. Mche mchanga hauna mzizi huo bado. Ndiyo maana mahali pazuri ni upande wa juu wa tuta la fanya juu (udongo wa mtaro uliorushwa upande wa mlimani), ambako maji hutuama na kunywea.

Wapo wanaosema kupanda alizeti ni kulisha ndege tu. Hoja ina uzito, ila hasara kubwa hutokana na kuchelewa kuvuna. Tazama mgongo wa kichwa: ukishaacha kijani ukawa manjano, na vijani vinavyouzunguka vikaanza kuwa kahawia, kikate ukikaushe chini ya paa penye hewa. Kuhusu kuchosha udongo, kweli alizeti inakula sana. Msimu unaofuata pape mahali hapo ndengu au kunde. Na ikichanua, usinyunyize dawa: nyuki wako kazini.