Jumba la Tajiri na Mtambo wa Soksi

Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za jumba moja lililoko Troyes, mji wa Ufaransa ulio kando ya mto Seine, kusini-mashariki ya Paris. Mimi sijafika huko. Habari zake nimezisoma. Jumba hilo huitwa Hôtel de Vauluisant, lakini si hoteli ya wageni. Zamani Wafaransa waliita hivyo nyumba ya mtu mkubwa mjini.

Mwaka 1524 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Troyes. Matajiri wakajenga upya, na katika karne hiyo ya 16 familia ya Hennequin ilijenga jumba hili. Nyakati hizo huitwa Renesansi, maana wajenzi wa Ulaya walianza tena kufuata mifano ya Wagiriki na Warumi wa kale.

Leo jumba ni makumbusho yenye pande mbili. Upande mmoja kuna sanamu za watakatifu, picha na vioo vya rangi, kazi za mafundi wa jimbo la Champagne. Upande wa pili kuna soksi, kofia na mitambo ya kuzifumia.

Yafaa tujue tofauti ya ufumaji. Kitambaa cha shati kina nyuzi za namna mbili, mtande na mshindio, zinazopishana. Soksi haina hayo. Uzi hukunjwa kuwa vitanzi, kila kitanzi kikipita ndani ya mwenzake. Ndiyo sababu soksi huvutika na kurudi. Na kitanzi kimoja kikikatika, tundu huzidi kukua.

Wafumaji wa Troyes walipata kanuni za chama chao mwaka 1505, nao walifuma kwa mikono. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alibuni mtambo uliofuma safu nzima ya vitanzi kwa mara moja. Kwao hakupewa hati ya kuulinda, akahamia Ufaransa, akafia huko. Mwaka 1745 mitambo ya namna hiyo iliwekwa katika nyumba ya mayatima ya Troyes, watoto wafundishwe kazi. Baadaye viwanda vya soksi na fulana vikalisha mji mzima, mpaka vingi vilipofungwa mwishoni mwa karne ya 20.

Lililonigusa ni hao mayatima. Jina la tajiri mwenye jumba tunalijua. Majina ya watoto walioinamia mitambo hatuyajui. Lakini kazi yao imewekwa chini ya paa moja na sanamu za watakatifu, nami naona ni haki. Sanamu zatuonyesha watu waliabudu nini. Soksi zatuonyesha walikula kwa jasho gani.

Basi, msomaji, Jumamosi utakaposhona tundu la soksi yako, itazame vizuri kwanza. Haba na haba hujaza kibaba; na kitanzi kwa kitanzi, mji mzima ulipata chakula.