Mzigo wa Bega na Mzigo wa Gari: Namna Vifurushi vya Posta Vinavyogawanywa

SOMO LA HUDUMA KWA WANANCHI

Mwananchi anayepokea kifurushi mlangoni pake huuona mkono mmoja tu, ule unaomkabidhi. Haioni meza ya ofisi ya posta ambako, mapema asubuhi, uamuzi mdogo ulifanyika juu ya kifurushi hicho: kiende na mgawaji wa miguu au kiende na dereva? Uamuzi huo ukifanyika vyema, kifurushi hufika siku ile ile na mfanyakazi hurejea nyumbani akiwa mzima. Ukifanyika vibaya, hasara huwaangukia watu wawili. Mgawaji hubeba mzigo unaouumiza mgongo wake, na mwananchi aliyekuwa akisubiri dawa, vitabu au kipuri cha cherehani huambiwa asubiri hadi kesho.

Somo hili linaeleza namna uamuzi huo unavyofikiwa, na kwa nini namba iliyobandikwa juu ya mlango wa nyumba ni sehemu ya uamuzi wenyewe.

Barua zilipogeuka kuwa mizigo

Hapo awali kazi ya ugawaji ilikuwa kazi ya barua. Nchini Marekani, ugawaji wa barua majumbani bila malipo ya ziada ulianza katika miji mnamo tarehe 1 Julai 1863, nao wagawaji walitembea kwa miguu wakiwa na mikoba begani. Kwa miaka mingi posta ya nchi hiyo haikupokea kifurushi kinachozidi pauni 4, yaani takribani kilo 1.8. Kifurushi kikubwa zaidi kilisafirishwa na kampuni binafsi.

Uingereza ilianzisha huduma ya vifurushi vya ndani ya nchi tarehe 1 Agosti 1883, kwa kikomo cha pauni 7, ambazo ni zaidi kidogo ya kilo 3. Badiliko hilo liligusa hata jina la kazi. Mfanyakazi aliyekuwa akiitwa mchukuzi wa barua alianza kuitwa mtu wa posta, kwa kuwa mkobani mwake hamkuwa tena na barua peke yake. Miaka mitatu baadaye kikomo kilipandishwa hadi pauni 11, yaani kilo 5 hivi.

Marekani ilifuata tarehe 1 Januari 1913, nayo ikaanza na pauni 11. Kikomo kilipandishwa upesi, na baada ya muda mfupi vifurushi vya hadi pauni 50 vilikuwa vikipokelewa. Hapo ndipo lilipotokea tukio ambalo lingali likisimuliwa. Mwaka 1916, matofali ya kujengea benki katika mji wa Vernal, jimbo la Utah, yalitumwa kwa posta kwa sababu nauli ya posta ilikuwa nafuu kuliko ya wasafirishaji wengine. Kila kifurushi kilikuwa ndani ya kikomo halali, lakini vyote kwa pamoja vilifikia tani nyingi, na iliwabidi watumishi wa posta kuvipitisha milimani. Baada ya tukio hilo iliamriwa kwamba mtumaji mmoja asitume zaidi ya pauni 200, yaani takribani kilo 91, kwa mpokeaji mmoja katika siku moja.

Funzo la Vernal lingali hai. Kikomo cha uzito wa kifurushi kimoja hakimlindi mfanyakazi iwapo hakuna anayehesabu jumla ya vifurushi vyote atakavyobeba.

Katika zama hizi funzo hilo limezidi kuwa muhimu, kwani barua zinapungua na vifurushi vinachukua nafasi yake. Barua za daraja la kwanza nchini Marekani zilifikia kilele cha takribani bilioni 103 mwaka 2001, na kufikia mwaka 2023 zilikuwa zimeshuka hadi bilioni 46 hivi. Mkoba wa mgawaji ni ule ule, ila kilichomo ndani kimebadilika. Barua mia moja hulala kimya mkobani, lakini sanduku moja la viatu hulijaza nusu yake.

Mizani nne za mgawanyo

Watu wengi hudhani kwamba kizito huenda na gari na chepesi huenda na miguu. Dhana hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Msimamizi mwenye uzoefu huvipima vifurushi kwa mizani nne.

Mizani ya kwanza ni uzito. Shirika la Posta la Marekani limeweka kikomo cha pauni 35, yaani takribani kilo 16, kwa mkoba unaobebwa begani. Katika taratibu za Umoja wa Posta Duniani, kifurushi kidogo kinachosafirishwa pamoja na barua hakizidi kilo 2, na kinachozidi hapo huhesabiwa kuwa mzigo wa aina nyingine. Nao Mkataba Na. 127 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1967, unakataza mfanyakazi kubebeshwa mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kulinda afya ya watu wake kazini.

Mizani ya pili ni ujazo. Mto wa kulalia ni mwepesi kuliko kitabu kinene, lakini hauingii mkobani. Kifurushi chepesi kilicho kikubwa au kirefu humziba mgawaji macho, humnyima mkono wa kufungulia geti, na humwangusha penye ngazi. Hicho ni cha gari japo kina nusu kilo.

Mizani ya tatu ni ukaribu wa nyumba. Mtu atembeaye kilomita nne na nusu kwa saa huvuka mita 30 kati ya nyumba na nyumba kwa chini ya nusu dakika. Dereva kwenye mtaa huo huo hulazimika kusimama, kuzima gari, kushuka, kufunga milango, kisha kurudi na kuliwasha tena. Penye nyumba zilizobanana, miguu hulishinda gari. Lakini nyumba zikiachana kwa mita 600, mtembea kwa miguu hutumia dakika nane kati ya mlango mmoja na mwingine, ilhali gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hutumia dakika moja na ushei.

Mizani ya nne ni hali ya njia. Kichochoro cha upana wa mkokoteni, daraja la miti, mteremko wenye utelezi wakati wa masika: mahali kama hapo gari halifiki hata kama mzigo ni wa kilo 15. Mizani hii aghalabu husahauliwa na wapangaji wanaoutazama mzigo pasipo kuitazama njia.

Gari na miguu vikisaidiana

Kwa kuwa mizani hizo hugongana, posta nyingi hazimtenganishi kabisa mtembeaji na gari. Katika miji ya Marekani hutumika utaratibu wa kuegesha na kuzunguka. Mgawaji huegesha gari mwanzoni mwa mtaa, hujaza mkoba kwa ajili ya mzunguko mmoja tu, hutembea nyumba kwa nyumba hadi aliregee gari, kisha huusogelea mtaa unaofuata. Bega hubeba sehemu ndogo ya mzigo kwa wakati mmoja, na gari hubaki kuwa ghala linalotembea.

Utaratibu mwingine ni wa vituo vya kupokezana. Dereva hupita mapema na kuacha mifuko ndani ya masanduku ya chuma yenye kufuli, ya rangi ya kijani, yasiyo na tundu la kutumbukizia barua. Mgawaji wa miguu huanza na mkoba mwepesi, na unapokwisha hufungua sanduku lililo njiani mwake na kuujaza upya. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 2010, Royal Mail ilianza kuziondoa baiskeli nyingi na badala yake kutumia toroli za kusukuma pamoja na magari yanayobeba wagawaji wawili.

Upakiaji nao una kanuni yake. Garini, kitakachoshushwa mwisho hupakiwa kwanza. Mkobani, kitakachotolewa kwanza hukaa juu. Anayepakia bila kufuata mpangilio wa njia atavipekua vifurushi vyote katika kila kituo, na dakika mbili zinazopotea kwenye kila mlango huwa zaidi ya saa nzima ifikapo mlango wa 40.

Mfano wa hesabu

Tuchukulie kwamba asubuhi moja vimepokelewa vifurushi 40 vya kata moja. Vifurushi 28 ni vidogo, kila kimoja nusu kilo. Vifurushi 9 vina kilo 4 kila kimoja. Vifurushi 3 vina kilo 15 kila kimoja. Jumla ni kilo 95. Wafanyakazi ni wawili: mmoja ana mkoba, mwenzake ana gari.

Wakigawana idadi sawasawa, kila mmoja atapata vifurushi 20, na mgawaji wa miguu anaweza kuangukiwa na vile vya kilo 15. Wakigawana uzito sawasawa, kila mmoja atabeba kilo 47 na nusu, na hakuna bega linalostahili kubebeshwa hizo. Usawa wa namna hiyo si haki.

Sasa tuzitazame anwani. Kati ya vile vidogo, 20 ni vya nyumba zilizo jirani na soko, na 8 ni vya kitongoji kilicho umbali wa kilomita 6. Kati ya vile vya kilo 4, vinne ni vya nyumba zilizo ndani ya vichochoro ambamo gari haliingii. Vyote vitatu vya kilo 15 vinakwenda kando ya barabara kuu.

Mgawaji wa miguu ataanza na vidogo 20 vya sokoni, ambavyo ni kilo 10. Dereva atavipeleka vile vinne vya vichochoroni hadi mahali salama palipokubaliwa, karibu na mdomo wa kichochoro. Mgawaji atakapoumaliza mkoba wake, atavichukua viwili viwili, kilo 8 kwa kila safari. Dereva atagawa vilivyobaki 16, vyenye jumla ya kilo 69, vikiwemo vile vidogo 8 vya kitongoji cha mbali.

Mwisho wa siku mgawaji wa miguu amefikisha vifurushi 24 kati ya 40, na wakati wote bega lake halikubeba zaidi ya kilo 10. Dereva amefikisha vichache kwa idadi lakini vingi kwa uzito na umbali. Ingawa hawakugawana nusu kwa nusu, hakuna aliyeonewa.

Anwani ndiyo ufunguo

Msomaji atakuwa ametambua kwamba hesabu hiyo yote iliwezekana kwa sababu moja: kila kifurushi kilijulikana kinakwenda wapi hasa. Kama vifurushi vile vingeandikwa jina la mtu na jina la kata tu, msimamizi asingejua kipi ni cha kichochoroni na kipi ni cha barabarani. Angekisia, na akikosea, gari lingekwama mdomoni mwa kichochoro, na mtembea kwa miguu angekwenda kilomita 6 kwa ajili ya kifurushi cha nusu kilo.

Nchini Tanzania wananchi wengi wamezoea kuvifuata vifurushi vyao wenyewe, kwenye sanduku la posta, kwenye kaunta au kwenye kituo cha mabasi. Msingi wa huduma ya mlangoni uliwekwa kwa upana zaidi mwaka 2022, pale Operesheni ya Anwani za Makazi ilipotekelezwa nchi nzima kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti. Barabara zilipewa majina na nyumba zilipewa namba. Anwani hizo huambatana na postikodi, namba ya tarakimu tano inayoitambulisha kata. Postikodi humwezesha mchambuzi kukitenga kifurushi cha kata hii na cha kata ile. Jina la barabara na namba ya nyumba ndivyo vinavyomwezesha msimamizi kuamua kati ya bega na gari.

Hayo hayamhusu mtumishi wa posta pekee. Kijana wa bodaboda anayekabidhiwa mizigo kituo cha mabasi hukabiliwa na maswali yale yale kila siku, na mara nyingi huyajibu kwa kupiga simu saba kumtafuta mtu mmoja.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi anaweza kuusaidia mgawanyo huu bila gharama yoyote. Anapoagiza au kutuma kifurushi, aandike jina kamili, namba ya simu, namba ya nyumba, jina la barabara, mtaa au kijiji, kata na postikodi. Kibao cha namba ya nyumba kisiondolewe wala kufunikwa kwa rangi. Nguzo ya jina la barabara isigeuzwe chuma chakavu. Anayeing'oa huwapotezea njia majirani zake wote, na siku ya dharura humpotezea njia hata dereva wa gari la wagonjwa. Kibao kikiharibika, taarifa ipelekwe kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji. Mwenye mbwa mkali amfunge wakati wa mchana, na mwenye mzigo mzito ajiandae kusaidiana na mletaji kuupokea.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya mitaa na vijiji

1. Je, ni nyumba zipi katika mtaa wenu ambazo gari halifiki, na ni mahali gani salama karibu nazo ambapo mzigo unaweza kuachwa kwa makubaliano?

2. Je, kila kaya inaijua namba yake ya nyumba na postikodi ya kata yake bila kutazama kibao?

3. Ikiwa vifurushi vya mtaa wenu vingegawanywa leo kati ya mtembea kwa miguu na dereva, ni mizani ipi kati ya zile nne ingekuwa na uzito mkubwa kuliko nyingine, na kwa nini?