Kijana, kabla ya kushika kaunta elewaneni

Kijana anayemaliza shule hapa Dar es Salaam mara nyingi huanzia kazi dukani, iwe Kariakoo au mtaani kwake. Wanaonijia kutaka ushauri huuliza: kazi hiyo nitaipataje? Mimi huwaongezea swali la pili: utaingia kwa makubaliano gani?

La kwanza linajibiwa na Suratul Qasas, aya ya 26. Binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.) kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Mwenye duka naye anatafuta hizo hizo. Nguvu ni kuwahi kufungua, kusimama kutwa, kujua bei na kurudisha chenji sawasawa. Uaminifu hauonekani usoni. Basi nenda na mdhamini anayekujua, kama imamu wa msikiti wako au jirani mfanyabiashara.

La pili linajibiwa na aya inayofuata. Kabla Musa hajaanza kazi, masharti yalitajwa: ataozwa binti kwa utumishi wa miaka 8, na akitimiza 10 ni hiari yake. Vijana wetu huingia kwa "anza, tutaona". Bidhaa zikipungua, mshahara wote unakatwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu hivyo. Hasara hukatwa ikiwa tu imetokana na kosa la mfanyakazi, baada ya kuandikiwa sababu na kiasi na kupewa nafasi ya kujitetea. Tena makato yasizidi robo ya ujira. Sheria hiyo inataka pia upewe kwa maandishi kazi yako, saa na malipo. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Humo Adhuhuri inapatikana. Ijumaa itaje mapema, usisubiri adhana.

Wapo wanaosema kuuliza hayo ni kiburi. Sivyo. Uliza kwa adabu, baada ya kukubaliwa na kabla ya kuanza.

Siku ya kwanza hesabuni mali pamoja, muandike daftarini, msaini wote wawili. Asiyehesabu alichokabidhiwa, siku ya upungufu atathibitishaje uaminifu wake?

Wabillahi tawfiq.