Kabla ya Vuli, Tuanze na Mtaro

Mkulima wa milima ya Usambara anayetarajia kuvuna nyanya au kabichi Desemba ana kazi moja yenye uzito kama wa mbolea, nayo iko nje ya shamba lake. Vuli huanza Oktoba. Mvua ikiharibu barabara ya kijiji na Fuso likashindwa kupanda, matenga yanabebwa kichwani hadi barabara kuu, nyanya za chini zinafika zimepondeka, na dalali anakata bei kwa kuwa anajua hazilali. Ndiyo maana naomba msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) wa Septemba hii uelekezwe kwenye maji, si kwenye mashimo. Mara nyingi watu hukusanyika, wakajaza udongo mashimoni, na mvua za kwanza zikauzoa wote, kwa sababu shimo ni matokeo tu ya maji yaliyokosa pa kwenda. Barabara inataka mgongo: njia ya mita 5 iinuke katikati kwa sentimita 15 hivi kuliko kingo zake, udongo ushindiliwe, na kando pawe na mtaro wenye michirizi ya kuyatoa maji kabla hayajapata kasi. Mteremko unavyozidi, ndivyo michirizi ikaribiane.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017 kwa ajili hiyo hasa, na kwamba kujitolea ni kuisamehe serikali wajibu wake. Hoja hiyo ina uzito. Greda, moramu na makalavati havimhusu mwanakijiji na jembe lake, na mkutano wa kijiji uendelee kuvidai kwa maandishi. Lakini hata greda likipita leo, majani ya migomba yakiziba kalavati kesho, maji yatarudi barabarani. Kulizibua ni kazi ya chepeo, ya asubuhi moja. Pingamizi gumu zaidi ni la mwenye shamba la chini ya barabara, na nasimama upande wake: mchirizi usielekezwe kwake kabla hajaulizwa. Akikubali, maji yapokelewe na mtaro wa fanya juu uliopandwa majani ya guatemala ukingoni, ambayo ng'ombe wa zizini watayala, na kinachobaki kinyweshe migomba. Mzigo nao ugawanywe kwa haki. Si sawa akina mama wachimbe tangu alfajiri ilhali mwenye lori, anayeiumiza barabara kuliko wote, hayupo. Huyo alete tripu moja ya mawe, yapangwe sakafuni mwa mtaro pale penye mteremko mkali.