Sifuri ya ng'ombe: kunasa ujumbe wa kosa katika maswali ya hifadhidata

Nilipokuwa naandaa kazi yangu ya mwisho wa masomo, nilikuwa na orodha ya maneno 640 ya Kiswahili sanifu na jedwali la matamshi niliyoyaandika kutoka katika rekodi za sokoni na nyumbani. Nilitaka kujua kila neno la orodha limetamkwa mara ngapi. Jedwali niliweka katika SQLite, nikaandika programu fupi ya Python ya kuuliza neno moja baada ya jingine. Matokeo yalinifurahisha kupita kiasi: maneno yote 11 yenye ng' yalipata sifuri. Ng'ombe sifuri, ng'ambo sifuri, ng'oa sifuri. Nikajaza kurasa nne kueleza kwamba wasemaji wangu wameiacha sauti hiyo na kushika ng ya ngoma.

Profesa anayenisimamia alizisoma, kisha akaniuliza:

– Mwanangu, yule mama muuza nyama wa rekodi ya tatu anasema nini?

– Anasema ng'ombe, Profesa.

Sikuwa na la kuongeza. Nilirudi kwenye programu, na hapa ndipo penye somo:

swali = "SELECT COUNT(*) FROM matamshi WHERE neno = '" + neno + "'"
try:
    idadi = con.execute(swali).fetchone()[0]
except:
    idadi = 0

Tazameni mistari miwili ya mwisho. Nilikuwa nimeiambia mashine: likitokea kosa lolote, andika sifuri na uendelee. Niliiweka ili programu isinikatikie njiani. Ilinitii mno; hata nilipobonyeza Ctrl na C kuisimamisha, iliweza kuhesabu hilo nalo kuwa kosa, ikaandika sifuri na kusonga mbele.

Niliiondoa, nikaendesha upya. Ujumbe ukatoka:

near "ombe": syntax error

Mwanaisimu anapaswa kuusoma ujumbe huu kama anavyosoma sentensi iliyovunjika. Katika SQL, ritifaa hufungua na kufunga maandishi. Kwa hiyo 'ng'ombe' kwa mashine ni neno kamili 'ng', halafu kipande ombe kisicho na kazi yoyote katika sarufi yake. Inataja mahali ilipopotelea njia. Kosa lenyewe lilitangulia kidogo, kwenye ritifaa. Kwa ng'ang'ania ilitaja "ang", kwa ng'oa ikataja "oa". Maneno yangu 11 hayakuwahi kutafutwa hata mara moja.

Marekebisho yana sehemu mbili. Neno halibandikwi ndani ya swali, linapitishwa pembeni, na nafasi yake inashikwa na alama ya kuuliza. Na kosa linanaswa kwa jina lake, ujumbe wake unaandikwa kando ya neno lililouleta:

try:
    idadi = con.execute("SELECT COUNT(*) FROM matamshi WHERE neno = ?", (neno,)).fetchone()[0]
except sqlite3.Error as kosa:
    idadi = None
    daftari.write(neno + "\t" + str(kosa) + "\n")

None si sifuri. Sifuri husema: nimetafuta, sikukuta. None husema: sikuweza kutafuta. Kiwango cha SQL chenyewe kinatenganisha mambo hayo kwa alama za herufi tano: 02000 ni kukosa data, ilhali kundi linaloanza na 42 lina makosa ya sintaksia. Wenzangu wanaotumia PostgreSQL wataona 42601 kwa kosa kama langu. Wategemee alama hiyo, wasitafute maneno ndani ya ujumbe, kwa sababu PostgreSQL huweza kutoa ujumbe kwa Kifaransa kwenye kompyuta moja na kwa Kiingereza kwenye nyingine; alama haibadiliki.

Baada ya hapo daftari la makosa lilibaki tupu, nami nikadhani nimemaliza. Bado baadhi ya maneno yalikuwa na sifuri, yakiwemo ng'aa na ng'ambo, na mashine haikulalamika. Sababu niliipata kwa kukuza maandishi kwenye skrini: sehemu ya jedwali niliiandika kwanza katika programu ya kuandikia barua, nayo ilikuwa imegeuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’). Kwa macho yetu ni neno lile lile. Kwa hifadhidata ni herufi mbili tofauti, U+0027 na U+2019, na swali halikuwa na kasoro yoyote ya kisarufi, basi hapakuwa na ujumbe wa kunasa. Niligeuza zote ziwe za aina moja, kwenye orodha na kwenye jedwali, kabla ya kuuliza tena.

Ng'ombe lilitoka mara 14, matano kati ya hayo kwa yule mama muuza nyama. Katika yale 11, manne tu yamebaki na sifuri, na hayo nimeyasikiliza kwa sikio, rekodi kwa rekodi. Kurasa zile nne nimezifuta.