Kabla ya kushusha giaboksi

Pedali ya klachi ya Mazda MX-5 ikizama na gia zikagoma kuingia, usikimbilie kushusha giaboksi. Klachi ya gari hili husukumwa na mafuta ya breki, na silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi ina sifa ya kuvuja. Funua kifuniko chake cha mpira. Ukikuta unyevu, umempata mchawi. Klachi iliyokwisha hujitambulisha vingine kabisa: gia zinaingia vizuri, ila mlimani, ukiwa gia ya nne, injini inavuma na mwendo hauongezeki. Pedali isiyoachiwa ulegevu kidogo huifanya klachi iteleze vivyo hivyo, kwa hiyo anza kwa kuupima ulegevu huo.

Wapo watakaosema kubadilisha pleti peke yake kunatosha, hela ni ngumu. Ni kweli, lakini gharama kubwa iko kwenye kazi: kushusha giaboksi, pamoja na ule mhimili unaoiunganisha na difu. Badilisha pleti, presha pleti na beringi zote mbili (ya kuachilia klachi na ile ndogo ya katikati ya flaiwili) kwa mkupuo mmoja. Boliti za presha pleti zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana, pleti ikiwa katikati barabara. Vinginevyo giaboksi haitarudi mahali pake.